Oveni inayojisafisha: namna ya kuitumia bila kuunguza jiko wala nyumba

Jiko kubwa la umeme, lenye pleti nne juu na oveni chini, si kitu kigeni tena katika nyumba mpya za Dodoma. Jingine limekuja na kontena kutoka Dubai, jingine mwenyewe amerudi nalo kutoka masomoni Marekani, jingine limenunuliwa hapa hapa mjini na kupelekwa Iyumbu, Ilazo au Kisasa kwa pikapu. Baadhi ya majiko haya yana kitufe ambacho mwenye nyumba hajawahi kukigusa, au alikigusa mara moja, moshi ukajaa hadi sebuleni, akaapa hatarudia. Ni kitufe cha kusafisha oveni.

Jina lake ndilo linalopoteza watu. Ukisikia oveni inajisafisha, unafikiria mashine ya kufulia: maji, sabuni, kuzunguka. Ndani ya oveni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kuna joto tu. Keki huiva kwa nyuzi 170 au 180 za Selsiasi, mkate kwa 200 hadi 220, na oveni ya kawaida huishia 250 au 275. Kitufe cha kusafisha huipandisha hadi kati ya nyuzi 430 na 500, kisha ikakaa huko kwa saa moja na nusu hadi tatu au zaidi kidogo. Kwa joto hilo mafuta yaliyoganda, mchuzi uliomwagika na masalia ya nyama huungua mpaka yanabaki majivu mepesi ya kijivu, kijiko kimoja au viwili, ambayo unayafuta kwa kitambaa. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliingiza sokoni oveni ya namna hii mwaka 1963, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo.

Sasa weka namba nyingine pembeni. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kutoa moshi yakifika karibu nyuzi 230, na mafuta ya kupikia kwa jumla, yakifika kati ya 350 na 400, huwaka yenyewe bila kiberiti. Oveni yenye utando mwembamba wa mafuta itauunguza taratibu bila shida. Oveni yenye dimbwi la mafuta ya kuku chini ni kikaango kilichofungiwa kabatini na kuwashiwa moto. Moshi mzito, mwali nyuma ya kioo, mlango uliokataa kufunguka, fyuzi iliyokatika: mengi ya haya yana mzizi mmoja, nao ni maandalizi yaliyorukwa kabla kitufe hakijabonyezwa.

Hakikisha kwanza ni ya kuunguza

Dukani maneno "inajisafisha" hutumika kwa vitu vitatu tofauti, na ukivichanganya unaharibu oveni.

Ya kwanza ndiyo hii ya kuunguza. Utaitambua kwa kufuli la mlango linalojifunga lenyewe, kioo cha mlango chenye tabaka tatu au nne, na kuta za ndani laini kama kikombe cha bati, zilizopakwa enameli inayostahimili joto kubwa.

Ya pili ina paneli za pembeni na nyuma zilizo na mkwaruzo kama msasa, rangi ya kijivu. Hizo hunyonya mafuta na kuyaunguza kidogo kidogo kila unapooka kwa nyuzi 200 na zaidi. Haina kufuli, haina programu ya saa tatu. Paneli zake hazisuguliwi, hazipakwi sabuni wala dawa ya kusafishia oveni, kwa sababu vitundu vyake vikiziba ndiyo mwisho wake.

Ya tatu ni ya mvuke: unamwaga maji kama kikombe kimoja hadi viwili kwenye sakafu ya oveni, unaiacha nusu saa, kisha unafuta. Inalainisha uchafu mpya, basi. Na kwa maji yetu ya visima vya Mzakwe, yenye chumvichumvi, ukiacha maji yakauke yenyewe yatabakisha gamba jeupe. Tumia maji ya mvua, na gamba likishatokea lipanguse kwa siki au ndimu, oveni ikiwa imepoa.

Zipo pia oveni nyingi, hasa za majiko ya gesi na umeme kwa pamoja, ambazo muuzaji anasema zinajisafisha kwa vile tu enameli yake ni laini kufuta. Hizo ni oveni za kawaida. Kijitabu cha maelekezo kisipotaja kufuli la mlango, usitarajie programu ya kuunguza.

Umeme, mahali ambapo nyumba nyingi zinakosea

Programu ya kusafisha ni mtihani wa waya zako. Unapopika, oveni huwaka na kuzima. Wakati wa kusafisha inavuta umeme mwingi kwa saa kadhaa mfululizo, na kila kiungio kilicholegea kinapata joto kwa muda wote huo.

Oveni peke yake huvuta kilowati 2.5 hadi 3.5. Jiko zima, pleti zote zikiwaka pamoja na oveni, laweza kufika kilowati 10. Kwa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampea 43. Soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya plagi ya miguu mitatu, mwisho wake ni ampea 13, yaani karibu kilowati 3. Kwa hiyo jiko la namna hii halichomekwi kwenye soketi, na halichomekwi kabisa kwenye ekstensheni. Linatakiwa laini yake lenyewe kutoka meinswichi: waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32 kwa majiko mengi, au milimita 10 na breka ya ampea 40 pale umbali ni mrefu au jiko ni kubwa. Ukutani, karibu na jiko lakini si juu yake, iwepo swichi kubwa ya jiko inayokata nyaya zote mbili, laivu unaoleta umeme na nyutro unaourudisha. Iwekwe mahali unapoweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya sufuria inayochemka. Siku mambo yakienda kombo, swichi hiyo ndiyo utakayoikimbilia.

Nyuma ya jiko, chini ya kifuniko kidogo, kuna kiungio chenye skrubu tano au sita na vipande vya shaba vinavyoziunganisha. Vipande hivyo ndivyo vinavyoamua jiko litumie fezi moja (waya mmoja wa laivu) au fezi tatu (nyaya tatu za laivu). Fundi akileta fezi tatu na kusahau kuondoa vipande vya shaba, amegonganisha fezi na fezi, volti 400, na mlipuko hutokea palepale. Akiunga fezi tatu vizuri lakini nyutro ikalegea, volti huanza kuhama kutoka pleti moja kwenda nyingine, na elementi, ile koili inayotoa joto, au ubao wa vidhibiti huungua bila sababu inayoonekana. Mchoro wa namna ya kuunga huwa umebandikwa kwenye kifuniko hichohicho. Mwambie fundi auonyeshe kidole kabla hajakaza skrubu, na awe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji.

Jiko lililoletwa kutoka Marekani lina tatizo lake. Kule nyumba hupokea nyaya mbili zenye volti 240 kati yao, na kila mmoja una volti 120 ukipimwa na nyutro. Elementi za jiko zinatumia 240, lakini taa, saa, ubao wa vidhibiti na mota ya kufuli la mlango mara nyingi vinatumia 120. Hapa kwetu kati ya laivu na nyutro kuna 230. Ukiliunga moja kwa moja, elementi zitafanya kazi, zikipungukiwa nguvu kwa asilimia 8 hivi, huku vile vya 120 vikiungua siku ya kwanza. Transfoma ndogo ya mezani ya kushusha umeme haiokoi jambo kwa kuchomeka tu, kwa kuwa sehemu zote ziko ndani ya mwili mmoja na zinatumia nyutro moja. Kama hujalinunua bado, liache. Kama lipo tayari, lisiwashwe hadi fundi wa vifaa vya umeme atenganishe laini hizo mbili kwa kufuata mchoro wake.

Kisha kuna ethi, yaani waya na fimbo vinavyopeleka ardhini umeme uliovuja, na hapa Dodoma ina hali yake. Mvua zetu huja msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei ardhi inakauka, na ifikapo Oktoba udongo unaozunguka fimbo ya ethi ni mkavu kama unga. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo iliyopimwa Februari ikaonekana nzuri inaweza kuwa na ukinzani uliopanda hadi omu 50 au zaidi wakati wa kiangazi.

Ona maana yake. Elementi ya oveni ikipasuka na laivu ikagusa mwili wa jiko, umeme utakaopita kwenda ardhini ni volti 230 kugawa kwa omu 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 32 haitashtuka kwa ampea 4.6, hata kesho. Jiko litabaki na umeme kwenye mlango na kwenye vishikio, na mama anayeshika sufuria kwa mkono mmoja na bomba la maji kwa mwingine ndiye atakayekuwa waya. Kinachookoa ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, cha miliampea 30. Hicho hukata kwa uvujaji mdogo kuliko kiasi ambacho breka inaweza kuhisi, hata fimbo ikiwa kwenye udongo mkavu. Nyumba yenye jiko la umeme isikose kifaa hiki, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara moja kila mwezi. Tabia ya kumwaga chumvi na maji kwenye shimo la ethi husaidia kwa muda, lakini mvua zikija huiondoa chumvi, na chumvi yenyewe hula fimbo. Fimbo ndefu zaidi, au fimbo mbili zilizoachana kwa urefu wa fimbo moja au zaidi, ni dawa ya kudumu kuliko mfuko wa chumvi.

Kuna jambo moja la RCD ambalo huwatisha watu bila sababu. Jiko likikaa miezi bila kuwashwa, unga mweupe ulio ndani ya elementi hunyonya unyevu wa hewa. Siku ya kuliwasha umeme unavuja kidogo, RCD inakata. Fundi asiye mwangalifu atasema RCD ni mbovu na kuiondoa. Elementi zikaushwe kwanza: joto la chini kabisa, pleti moja baada ya nyingine, dakika 15 hadi 20 kila moja. Ikiwa hata hivyo inaendelea kukata, elementi imepasuka na inabadilishwa. RCD inabaki palepale ilipo.

LUKU kabla ya kubonyeza

Programu moja ya kusafisha hula yuniti kati ya 3 na 7, kutegemea ukubwa wa oveni na muda uliouchagua. Kwa tarifa ya T1, ile ya wateja wa kawaida, ambayo ni takribani shilingi 356 kwa yuniti kodi na tozo zikiwa ndani, hiyo ni shilingi elfu moja hadi elfu mbili na mia tano. Si gharama ya kutisha. Kinachotisha ni yuniti kuisha katikati.

Oveni ikiwa kwenye nyuzi 480 na umeme ukakatika, iwe ni LUKU imeisha au TANESCO wamekata, feni ndogo inayopooza vidhibiti nayo inazima. Joto lililobanwa ndani halina pa kwenda ila kupanda juu, kuelekea kwenye ubao wa vidhibiti na waya zake. Mlango unabaki umefungwa. Hali hiyo ikijirudia mara mbili tatu, ubao unaanza kuchanganyikiwa: namba zinafifia, vitufe havisikii. Kwa hiyo angalia mita kwanza. Zikiwa chini ya yuniti 15, nunua. Na kama mtaani kwenu umeme umekuwa ukikatika tangu asubuhi, ahirisha.

Umeme ukikatika katikati, zima swichi ya ukutani ili ukirudi oveni isianze kwa kushtukiza au kupokea volti inayoyumba. Usiuvute mlango. Subiri saa moja na nusu, washa swichi, na kufuli litajifungua lenyewe oveni ikishahisi kwamba joto liko chini ya kiwango, ambacho kwa oveni nyingi ni kati ya nyuzi 200 na 300.

Siku yenyewe

Chagua asubuhi ya siku ambayo mtu mzima atakuwepo nyumbani hadi mchana. Usiku hapana, na usiiache ukatoka kwenda sokoni Majengo. Usiifanye pia siku moja kabla ya Krismasi, Idi au kipaimara cha mtoto: fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, na ubao wa vidhibiti vikikusudia kufa, hufa wakati wa kusafisha, na wageni watakukuta huna oveni. Wiki mbili kabla zinatosha kupata fundi na kipuri.

Fungua oveni, utoe kila kitu. Tunasisitiza kila kitu, maana katika nyumba zetu oveni ni kabati. Ndani yake kuna sufuria za aluminiamu za akiba, kikaango chenye mpini wa plastiki, mfuko wa mkate, wakati mwingine leso ya kufunikia chapati. Droo ya chini nayo ifunguliwe. Toa nyavu, trei, na reli za pembeni zinazobeba nyavu. Nyavu zenye mng'ao wa kromu zikiachwa ndani hugeuka bluu na kijivu, hupoteza utelezi, na hazirudi tena kama zamani. Zioshe kwenye beseni la maji moto na sabuni. Nyavu za enameli nyeusi pekee ndizo zinazoweza kubaki, na kijitabu kiwe kimeruhusu.

Karatasi ya foili uliyotandika chini ili kuzuia mafuta, iondoe. Haifai wakati wa kusafisha, na kusema kweli haifai hata wakati wa kupika: inarudisha joto kwenye elementi ya chini na inaweza kugandana na enameli kiasi kwamba ukiibandua inaondoka na rangi.

Sasa futa. Tumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Ondoa mafuta yote yaliyo majimaji au mazito kama gundi, vipande vya nyama, makombo. Mabaka meusi yaliyoshikana yaache, hiyo ndiyo kazi ya moto. Kilichomwagika chenye sukari au tindikali, kama jamu ya zabibu, nyanya au rojo ya keki, kifutwe hata kama ni kidogo, kwa sababu kwa joto hilo hung'ata enameli na kuacha doa la kudumu. Suuza kitambaa, futa tena kwa maji matupu ili sabuni isibaki.

Dawa ya kupuliza ya kusafishia oveni isitumike hata siku moja kwenye oveni ya aina hii. Nyingi zina magadi makali, sodiamu haidroksaidi, na masalia yake yakipata nyuzi 480 hutoa mvuke unaochoma koo na kula enameli.

Pembeni mwa mlango kuna mpira, ingawa si mpira hasa: ni mkanda uliofumwa kwa nyuzi za kioo juu ya waya. Huo hausuguliwi, hauloweshwi, hausogezwi. Lakini ukingo wa mlango ulio nje ya mkanda huo, na fremu inayoukabili, hufutwa kwa mkono, kwa sababu moto wa kusafisha haufiki pale; uchafu ulioko hapo huiva tu na kuwa mgumu zaidi.

Fungua madirisha yote ya jikoni na mlango wa nje. Kama kuna feni ya kutoa hewa, iwashe. Funga mlango wa kuingia sebuleni. Mapazia yaliyo karibu yakunjwe. Mtungi wa gesi usikae ubavuni mwa jiko, na mpira wake usipite nyuma ya oveni. Nyumba nyingi zina vyote viwili, gesi na umeme, na mpira huo ukipata joto kila mara hukakamaa na kupasuka.

Mafuta yakiungua hutoa moshi unaowasha macho na kifua, pamoja na kaboni monoksaidi kidogo. Mwenye pumu, mjamzito na watoto wadogo wakae chumba cha mbali au nje barazani. Na ndege. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kuathirika na moshi huu, hasa ule unaotoka kwenye vitu vilivyopakwa Teflon vikipata joto kali. Kasuku atolewe nje ya nyumba kabisa, na vifaranga wanaolelewa kwenye boksi pembeni mwa jiko, kama ilivyo kwa wengi wanaofuga, wapelekwe nje kabla ya kuanza.

Oveni ikiwa haijawahi kusafishwa kwa mwaka mzima, chagua muda mrefu. Uchafu ukiwa mdogo, chagua mfupi. Bonyeza, subiri usikie mlio wa kufuli, kisha usitumie pleti za juu hadi programu iishe. Upande wa nje wa mlango wa oveni utapata joto la kuunguza mkono wa mtoto, hata mlango ukiwa na vioo vinne.

Ukiona moto ndani

Mwali mdogo unaotokea na kupotea ni mafuta uliyoyasahau. Mwali unaoendelea ni jambo lingine. Bonyeza kitufe cha kusitisha programu, zima swichi ya ukutani, uache mlango ulivyo. Usijaribu kulilazimisha kufuli kwa bisibisi: moto ulio ndani unakufa kwa kukosa hewa, na ukiufungulia mlango unaupa hewa yote unayoihitaji, tena usoni kwako. Usimwage maji. Ukiona moshi unatoka kwenye paneli ya vitufe au nyuma ya jiko, hiyo si oveni tena, ni waya: zima meinswichi, toa watu nje, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Baada ya programu kwisha, oveni hupoa kwa muda wa saa moja au zaidi kabla kufuli halijaachia. Kufuli likikataa hata oveni ikiwa baridi kabisa, zima swichi ya ukutani kwa dakika tano, washa, weka programu ya kuoka kwa nyuzi 100 kwa sekunde chache kisha isitishe. Mara nyingi mota ya kufuli hujipanga upya. Ikishindikana, fundi atafikia kufuli kwa juu au kwa nyuma, bila kuvunja mlango.

Majivu yafute kwa kitambaa chenye unyevu, oveni ikiwa baridi. Mstari mweupe ukibaki, siki kidogo inatosha. Rudisha reli na nyavu, na kingo za nyavu uzipake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, tone tu, ziteleze.

Mara mbili hadi nne kwa mwaka inatosha kwa familia. Anayeoka kila siku kwa biashara afute kila jioni kwa mkono, kuliko kuunguza kila wiki.

Fundi akija

Ugonjwa wa kawaida baada ya kusafisha ni oveni kufa ganzi: taa ipo, saa ipo, joto hakuna, au jiko zima kimya. Mara nyingi ni fyuzi ya joto imekatika, kidude kidogo nyuma ya oveni ambacho kazi yake ni kukata umeme joto likizidi. Baadhi hubonyezwa kitufe na kurudi, baadhi hubadilishwa. Fundi anayekwambia ataunganisha waya moja kwa moja na kuiruka fyuzi hiyo, mzuie. Oveni itawaka, na siku kitambuzi cha joto kikiharibika hakutakuwa na kitu cha kuizuia kupanda. Fundi ajiulize pia fyuzi ilikatika kwa nini. Hapa kwetu jibu mara nyingi ni vumbi: upepo wa Julai hadi Septemba hujaza matundu ya hewa yaliyo juu ya mlango na nyuma ya jiko, feni inazungukia utando wa vumbi na mafuta, joto linabaki ndani. Swichi ikiwa imezimwa, matundu hayo yasafishwe kwa brashi laini kila mwezi wa kiangazi, na jiko liachwe nafasi nyuma kama kijitabu kinavyotaka.

Vipimo viwili vitamwokoa kubahatisha. Elementi ya wati 2,500 kwa volti 230 inatakiwa isome karibu omu 21. Kitambuzi cha joto cha aina ya omu 1,000, kilicho kwenye oveni nyingi, kinasoma kati ya 1,080 na 1,100 chumba kikiwa na joto la kawaida. Kikisoma mbali na hapo, usibadilishe ubao wa vidhibiti wa bei kubwa kabla ya kukibadilisha chenyewe.

Na mkanda wa mlango upimwe kwa karatasi. Kata kipande cha karatasi upana wa vidole viwili, kiweke kwenye ukingo, funga mlango, kivute. Kikitoka bila kushikwa, mkanda umelala mahali hapo, na wakati wa kusafisha joto litapenya na kupiga paneli ya vitufe. Fanya hivyo pande zote nne.

Ugali na pleti za kioo

Upande wa juu wa jiko una adui mmoja ambaye kijitabu kilichoandikwa Ulaya hakimjui: mwiko. Kusonga ugali kunahitaji kukandamiza na kuvuta, na sufuria nyepesi ya aluminiamu huzunguka juu ya kioo, ikikikwaruza kwa punje za mchanga zilizo chini yake. Futa kitako cha sufuria kila mara kabla ya kuiweka. Ugali ukianza kushika, zima pleti, ishushe sufuria juu ya ubao au kitambaa kinene mezani na umalizie kusonga hapo. Joto lililobaki linatosha, na ukitaka kuupalilia unairudisha. Sufuria iwe na kitako bapa. Yenye kitako kilichobonyea hugusa kioo sehemu ndogo tu, chakula kinachelewa na yuniti zinakwenda.

Sukari ikimwagika juu ya kioo cha moto, kama ya visheti au jamu, haisubiriwi ipoe. Punguza moto, vaa glavu ya oveni, ikwangue papo hapo kwa kikwangulio cha wembe. Ikipoa hushikana na kioo, na ikibanduka huondoka na kipande chake. Kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, zima swichi ya ukutani na usilitumie jiko tena hadi kibadilishwe, maana mchuzi ukipenya hapo unakutana na umeme. Pleti za chuma kwa upande wao huogopa kutu: zifute, ziwashe dakika mbili zikauke, zipake mafuta kidogo.

Mwisho ni kipande cha chuma ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi. Kina umbo la L, na kinafungwa ukutani au sakafuni nyuma ya jiko ili mguu wa nyuma uingie chini yake. Mlango wa oveni ukiwa wazi, mtoto akiukanyaga, jiko lote huinama mbele na sufuria zilizo juu humwagikia yeye. Kifungwe kwa skrubu zilizoshikana na tofali au zege, zisiishie kwenye lipu. Kisha, jiko likiwa baridi na juu yake hakuna kitu, shika ukingo wake wa nyuma na ulivute mbele polepole. Miguu ya nyuma ikiinuka zaidi ya sentimita mbili au tatu, mguu haujaingia mahali pake. Lirudishe jiko nyuma na ujaribu tena.